Kochi la mtu mmoja la Keko, maoni ya mwalimu na paka wake mzee

Nianze na hukumu kabisa ili asiye na muda aendelee na shughuli zake: hili kochi mi nalipa nyota nne. Ya tano ameila fundi mwenyewe kwa ucheleweshaji na harufu ya vanishi, ntafika huko. Paka wangu angekuwa anaulizwa nadhani angetoa tano bila kusita. Ni kochi la kukaa mtu mmoja, mbao ya mninga, limechongwa kwa oda pale Keko kwa wale mafundi wa fenicha, na fundi simtaji jina maana nina malalamiko naye kidogo na ni kijana anatafuta riziki, ila mafundi pale wamejipanga wengi tu na karibu wote wanaweza kukutengenezea ukiwaeleza vizuri unachotaka.

Sasa mtashangaa paka anaingiaje kwenye maoni ya kochi. Anaingia kwa sababu kochi limechongwa kwa ajili yake, mi nimefuata. Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi huku Chang'ombe, watoto wameshajitegemea, nyumbani tumebaki mi na paka wangu Kidoti. Kidoti kazaliwa mwaka wa uchaguzi wa 2010, piga hesabu mwenyewe. Jioni nikirudi nasahihisha madaftari mpaka saa nne saa tano, na yeye yupo pembeni muda wote huo, haongei sana na mi siongei sana, ndo maisha yetu na wala hatulalamiki. Kwa hiyo kochi hili nimelipima kwa kitu kimoja tu, je tunaweza kukaa hapo wawili jioni nzima bila yeyote kulazimika kunyanyuka kwa sababu kaumia, kasikia baridi, kabanwa au kachoka? Ukitaka maoni ya kochi la kuvutia wageni sebuleni mi sio mtu wako.

Lile la zamani lilikuwa la dukani, zuri, limejaa, refu. Nikaanza kuona Kidoti anakuja, anasimama mbele ya kochi, anaangalia juu, anapima, anarudisha kichwa, afu anaenda zake kulala sakafuni karibu na miguu yangu. Ukimwona utasema tu kabadilisha sehemu, si unajua paka wana mambo yao. Shida ni kwamba paka halii akiumwa viungo, hachechemei waziwazi kama mbwa, anaacha tu kufanya vile vitu vinavyomuuma, kimoja kimoja, na we unabaki unasema amekua mtulivu, uzee huo. Daktari wa mifugo alipokuja akamshika viwiko na nyonga akasema hapa kuna kazi. Na sio yeye peke yake, kuna utafiti wa Marekani wa 2002 walichukua picha za eksirei za paka 100 wote wamepita miaka 12, wakakuta 90 wana dalili za viungo kuchakaa. Tisini kwa mia jamani! Yani paka mzee asiye na tatizo la viungo ndo wa ajabu.

Kwa hiyo oda yangu ya kwanza kwa fundi ilikuwa urefu. Makochi mengi kikao kipo inchi 17 mpaka 18 kutoka sakafuni, mi nikasema nataka 14, na mbele yake nataka stuli ya inchi 7 inayolingana na dizaini ya kochi. Fundi akaniangalia.

"Mwalimu, hiyo stuli ni ya kuwekea miguu?"

"Ya paka."

"Ya paka?"

"Ya kupandia paka, fundi."

Akamwita mwenzake aje asikie. Wakacheka mpaka yule wa duka la pili naye akaja, afu mzee mmoja aliyekuwa anapiga msasa pale kwenye kivuli akasema bila hata kunyanyua kichwa, mtengenezee mwalimu anachotaka, hela si ya kwake? Basi ikaisha.

Watu wengi wanafikiri shida ya paka mzee ni kupanda. Kupanda ni shida ndiyo, ila kushuka ndo balaa, maana akiruka chini uzito wote unatua kwenye mikono ya mbele, na viwiko ni moja ya sehemu zinazoliwa sana. Utamwona anashuka kwa kuteleza, anashika ukingo na kucha anajivuta mpaka chini, afu puh. Stuli inamaliza yote mawili. Juu yake fundi kagongelea kipande cha kapeti ili asiteleze, na chini ya miguu kaweka raba ya tairi kuukuu ili stuli yenyewe isikimbie kwenye vigae. Hiyo ya raba ni wazo lake fundi, nampa sifa zake, maana stuli ikitikisika mara moja tu paka harudi tena, paka ana kumbukumbu ya mabaya kuliko mama mkwe.

Siku ya kwanza hakupanda. Ya pili hakupanda. Nikaacha kumhimiza, nikakaa zangu nasahihisha, baadaye kabisa nikasikia kapeti inakwaruzwa kidogo, kituo cha kwanza, kimya kirefu, afu mguu mmoja kwenye kikao, wa pili, akajipanga kwenye paja akageuka mara mbili akalala. Sikusema kitu. Nilikuwa katikati ya insha ya mtoto wa kidato cha pili kuhusu umuhimu wa misitu, nikaipa alama nzuri kuliko ilivyostahili.

Urefu huu mdogo una ubaya wake nikuambie ukweli. Mi mwenyewe nakaribia kustaafu, magoti yanalia, na kutoka kwenye kikao cha inchi 14 ni safari. Kinachoniokoa ni mikono ya kochi, niliagiza iwe mipana inchi 8, mbao tupu bila sponji, kwa hiyo najisukuma nayo. Kama una mzazi mtu mzima anayekutembelea usimkalishe hapo, mpe kiti cha chakula. Jirani yangu Mama Asha kakaa hapo mara moja akasema "Baba Neema, hili shimo au kochi?" na hajakaa tena.

Ila hiyo mikono mipana ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Daftari linakaa, kikombe cha chai kinakaa, kalamu nyekundu inakaa, na kidevu cha Kidoti kinakaa. Na kuna faida ambayo sikuiagiza. Kidoti sikio limeshakufa, hasikii mlango, hasikii nikimwita, zamani ukigusa tu kopo la dagaa yupo miguuni, sasa unaweza kupiga sufuria na mwiko asigeuke. Paka kiziwi ukimgusa ghafla amelala anashtuka vibaya sana na siku nyingine anakuchana bila kukusudia. Sasa mbao ya mninga ni nzito na imeshikana vizuri, ukigonga mkono wa kochi kwa kidole mtikisiko unafika mpaka kwenye kikao, nagonga mara mbili, anafungua jicho, ananiona, anafumba. Ndo salamu yetu. Nikitaka kunyanyuka nagonga pia, anajua, anajiandaa. Kochi la sponji tupu lisingefanya hivyo.

Kitambaa sasa, na hapa naomba mnisikilize maana ndo sehemu watu wanapigwa. Wauzaji watakusukumia leza ya bandia, yani ngozi ya kuigiza, watakwambia inafutika, haishiki manyoya, haina shida. Kwa jasho na joto la Dar ile kitu inaanza kubanduka vipande vipande, na kucha ya paka ikishatoboa tundu moja imeisha. Wengine watakupa kile kitambaa chenye nyuzi za vitanzi vitanzi kama taulo, hicho ndo kibaya zaidi kwa paka mzee. Kucha za paka mzee zinakuwa nene, hazirudi ndani vizuri, haziambui maganda yake kama za kijana kwa sababu hakwaruzi tena miti na milango, kwa hiyo zinanasa. Akinasa kwenye kitanzi anavuta, na mkono wenye kiwiko kibovu ukivutwa hivyo ni maumivu. Mi nikachukua mahameli yenye manyoya mafupi yaliyoshikana, kucha haipati pa kushika, inateleza tu. Na kucha zenyewe mzikate jamani au mumwite mtu azikate, zikiachwa zinajikunja mpaka zinaingia kwenye nyama ya kiganja.

Rangi nimechukua kijivu, paka mweupe mwenye doti moja puani, hamna cha kueleza hapo.

Sponji fundi alitaka kuniwekea ile laini ya kuzama akisema ndo watu wanapenda. Nikakataa. Paka mzee akizama inabidi atumie nguvu kujigeuza na kujitoa, afu ile ngumu kabisa nayo hapana kwa sababu kashapungua, mifupa ya nyonga unaihisi ukimpapasa. Tumechukua haidensiti, ile sponji iliyoshikana, inchi 4 na juu yake naweka khanga kuukuu iliyokunjwa mara nne. Khanga ndo anailalia, khanga ndo inafuliwa, kochi linabaki safi.

Na foronya ina zipu. Fundi alitaka kushonea moja kwa moja akidai zipu itaonekana mbaya kwa nyuma, nikamwambia nyuma nani anakaa? Chini ya foronya juu ya sponji nimeweka mpira, ule wa kitandani wanaouza famasi kwa akina mama wanaoenda kujifungua. Dada wa famasi akanipongeza, hongera baba, mjukuu? Nikamjibu ndiyo, ningeanzaje kumweleza.

Mpira ni kwa ajili ya mkojo, tuseme tu wazi. Figo za Kidoti zimeanza kuchoka, ni ugonjwa wa kawaida sana kwa paka wazee, figo zinashindwa kubana maji kwa hiyo anakojoa sana na kwa kukojoa sana anakunywa sana. Ukiona paka wako ambaye miaka yote hukumwona akinywa maji sasa yupo kwenye bakuli kila saa, anakonda, mdomo unanuka tofauti, usiseme joto, mpeleke akapimwe damu na mkojo. Na ukiona anakula kama mwehu huku anakonda, hatulii, analia usiku, hiyo inaweza kuwa tezi ya shingo, nayo inapimwa. Uzee peke yake sio ugonjwa lakini watu wanaubebesha kila kitu.

Kwa hiyo kuna siku anakojoa pale pale usingizini. Sio ukorofi. Navua khanga, navuta zipu, nafuta mpira, maisha yanaendelea, dakika chache tu tumekaa tena. Angalizo moja, msimwagie jiki juu ya mkojo, mkojo una amonia na ikikutana na jiki inatoa hewa mbaya ya kukaba kifua, yenu na ya paka. Sabuni na maji, afu siki kidogo kukata harufu.

Bakuli la maji lipo pembeni ya kochi, na la pili jikoni, na la tatu mlangoni kwa chumba. Mtu anayeumwa viungo hatembei nyumba nzima kufuata maji. Beseni lake la choo nalo nimelikata upande mmoja kwa kisu cha moto ili asiruke ukingo, hilo ni beseni la kawaida la Kariakoo, sio lazima ununue kitu cha maana.

Na hapo nije kwenye vile vitu vya dukani, yale maduka ya wanyama ya kule Masaki na wanaouza mtandaoni. Wana ngazi za paka za sponji, wana vitanda vya duara vya manyoya, wana mikeka ya kupasha joto ya umeme. Sijasema ni vibaya. Ngazi nimeziona, ni nyepesi, mimi ningekuwa paka mwenye viwiko vibovu nisingeziamini, na bei yake ukiisikia unatafuta pa kukaa. Kitanda cha duara kina ukingo mnene ambao tena inabidi auruke. Mkeka wa umeme kwa Dar sijui wa nini, labda watu wa Njombe na Makete huko. Ila kubwa zaidi ni kwamba vyote hivyo vinamweka paka sehemu yake na wewe sehemu yako. Binti yangu Neema kaniletea kitanda kimoja cha namna hiyo, kizuri kweli, mwana wa watu kajinyima, Kidoti kakinusa akapita. Sasa hivi kinahifadhi madaftari ya kidato cha tatu.

Watu wanasema paka anakufuata kwa ajili ya joto tu. Nimelifikiria sana hili nikiwa nimekaa pale maana muda wa kufikiria ninao. Paka mwili wake unastarehe kwenye nyuzi 30 mpaka 38, yani Januari ya Dar ambayo sisi tunalia ndo yeye kafika. Joto la mwili wake lenyewe ni 38 mpaka 39, we ukimweka pajani mwezi wa kwanza ni adhabu, pangaboi linazunguka na jasho linatiririka. Kwa hiyo kama ni joto angeenda kulala kwenye bati. Mwezi wa saba upepo wa kipupwe ukija naelewa anatafuta paja, lakini Januari anakuja hivyo hivyo, hapandi pajani, anakaa pembeni yangu kwenye kikao amenigusa na mgongo tu. Kikao nilikiongeza upana kufika inchi 26 kwa sababu hiyo, nafasi yangu na nafasi yake, kugusana kidogo basi. Hicho kipimo nakisisitiza, kochi la kawaida la mtu mmoja ni jembamba, mtabanana na mmoja ataondoka.

Mama Asha ambaye shimo langu halipendi lakini Kidoti anampenda, aliniambia kuna hadithi ya Mtume kwamba paka sio najisi, ni katika wale wanaowazungukia majumbani kwenu. Ye kwao Zanzibar paka wanaingia mpaka jikoni, hamna anayewafukuza. Akaniuliza tu, "sasa huyu wako Baba Neema hazunguki tena, amekaa?" Nikamwambia nyumba imepungua, mzunguko umekuwa mfupi.

Jioni ya kawaida hapo inakuwaje. Nafika, navua viatu, nagonga mbao. Chai. Madaftari upande wa kulia, yaliyosahihishwa upande wa kushoto na yeye akipenda analalia hayo ya kushoto, sijui anajuaje yameisha. Namchana na kitana kile cha chawa, taratibu sana mgongoni, paka mzee hajilambi vizuri kwa sababu shingo na mgongo haujikunji, manyoya yanashikana mabonge na bonge likikaza linavuta ngozi. Anakoroma, ile ngurumo ya kooni. Nilifundishwa zamani kwamba paka akikoroma vile ana furaha, daktari akaniambia sio kila mara, hata akiwa na maumivu anaweza kukoroma, kwa hiyo siku hizi naangalia na vingine, masikio, mkia, kama anakula. Umeme ukikatika ndo raha yenyewe, pangaboi linasimama, redio ya jirani inanyamaza, madaftari yanaisha kwa nguvu, tunakaa tu. Naacha tochi ndogo ya sola inawaka pale chini kwenye stuli kwa sababu macho yake nayo yameingia ukungu wa bluu na giza la ghafla linamchanganya.

Nilishawahi kuwa na nyumba yenye kelele, watoto, wageni, tivii, na niliipenda. Hii nayo naipenda. Sitaki kulinganisha.

Malalamiko sasa. Fundi kanizungusha. Nimempa advansi nusu, akaniambia Ijumaa, Ijumaa mbao hazijakauka, Ijumaa nyingine kafiwa, Ijumaa nyingine umeme hamna, na simu hapokei ila wasap anaweka stetasi za harusi. Mafundi wetu wanajua kazi kweli ila tarehe hawaheshimu. Ushauri wangu mwandikishane na hela ya mwisho usitoe mpaka uone kochi limesimama kwa miguu minne kwenye sakafu sawa.

La pili vanishi. Kalipaka asubuhi kanipakilia kwenye kirikuu mchana, likaingia ndani linanuka mpaka macho yanawasha. Kidoti akatoka akaenda kukaa barazani kwenye mfuko wa mkaa akanitazama. Paka analamba miguu yake, akikanyaga vanishi mbichi anaila. Nikalitoa nje likakaa barazani mpaka nilipoweka pua na kukuta harufu ya mbao tu. Muulize fundi lini kapaka na usikubali kupakia siku hiyo hiyo.

Bei, kochi 380,000, stuli 60,000, kirikuu 20,000 kutoka Keko mpaka kwangu ambapo ni pua na mdomo, kaniibia lakini mvua ilikuwa inakuja. Kitambaa na sponji vimo humo. Ukienda na mbao laini badala ya mninga utashusha bei, ila ule mtikisiko niliousema sidhani utaupata na miguu italegea mapema.

Nani asinunue? Kama paka wako bado kijana anaruka mpaka juu ya kabati, hela yako kafanyie kingine. Kama mnaishi wengi, kila mtu atataka kukalia na paka ataondoka. Na kama unafikiri kochi litatibu viungo, halitibu, linapunguza tu kuumia. Dawa ni ya daktari wa mifugo, muulize kama kasajiliwa na Baraza la Veterinari, hamna ubaya kuuliza. Na naomba hili mlipeleke hadi kwa majirani, PANADOL INAUA PAKA, hata kidonge kimoja, ini lake halina uwezo wa kuivunja kama letu. Nimeshaona mtu na huruma zake anasagia paka nusu kidonge kwenye mchuzi. Na zile dawa za viroboto za mbwa zenye permethrin nazo hapana kabisa. Wageni wanaotaka kumpa maziwa nao wazuieni, paka wakubwa wengi wanaharisha, afu nani atafua khanga.

Dagaa bado nampa, chache sana, siwezi kudanganya. Daktari kasema dagaa na vichwa vya samaki vina mifupa na mifupa ina fosforasi ambayo figo zikichoka zinashindwa kuitoa, kwa hiyo chakula chake kikuu sasa ni minofu na kile cha figo cha kopo kikipatikana. Ila Jumapili ananusa mkono wangu kwa namna fulani basi tunaelewana, mbili tatu, ameketi pale pale kwenye mkono wa kochi. Mninga unafutika vizuri mafuta ya dagaa, hiyo nayo niiweke kwenye sifa.

Mkienda Keko msiseme kochi la paka mtapandishiwa bei, semeni kochi fupi la mtu mzima. Akiwaambia kikao cha inchi 26 hakipo kwenye mafremu yake mwambieni achonge fremu mpya, ndo kazi yake. Vipimo vyote vya kochi na stuli ninavyo, nimeviandika nyuma ya daftari la mahudhurio, anayevitaka aniulize tu.